Kinyonga Aliyetaka Kushuka

Papa, baba yangu, alitaka kurudi Yanonge, na mimi nilikataa. Hilo nalisema kwanza, maana nikianza na kinyonga mtafikiri hii ni habari ya mnyama tu. Papa alikuwa mgonjwa wa ini, amekonda mpaka suruali inafungwa kwa kamba, na kila asubuhi aliniambia jambo lile lile: nimpeleke kwao, kando ya mto, akafie mahali alipozaliwa. Nami kila asubuhi nilimjibu kwa ukali kwamba Kisangani kuna hospitali, Yanonge kuna nini? Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nashona nguo za watu, na sindano ikinikatikia naitukana kwanza ndipo natafuta nyingine.

Kinyonga alikuja nyumbani siku ya mwisho ya papa kwenda msitu wa Masako. Kwa miaka mingi alikuwa akiwasaidia watu wa chuo kikuu kule msituni: kubeba nyavu, kutafuta wanyama wadogo, kuwashika wapimwe, kisha kumrudisha kila mmoja kwenye tawi alikotolewa. Siku hiyo alienda kuwaaga. Akiwa njiani kurudi akakuta watu wameokota mawe, wamemzunguka kinyonga jike aliyekuwa akivuka barabara. Kwetu wengi wanamwogopa. Wanasema ni mnyama wa wachawi, na mwanamke mwenye mimba asimtazame. Papa akamnyooshea kijiti, akangoja apande, akaja naye mpaka nyumbani kwa toleka, amekaa nyuma ya baiskeli ya watu na kijiti chake mkononi.

"Wee papa! Hii nyama hapana kulala hapa," nikamwambia.

"Italala inje," akasema. "Mimi ndiye nitalala ndani."

Akamweka kwenye mti mdogo wa maua mekundu nyuma ya nyumba. Akauzungushia mti ule chandarua kuukuu, na pindo lake akalibana chini kwa mawe. Baada ya hapo akawa na sababu ya kuamka. Kabla ya kinyonga alikuwa akilala tu, uso ukutani. Sasa asubuhi nilimsikia akitafuta kandambili zake kwa miguu.

Mikono yake ilipoanza kutetemeka, alinitaka mimi nijifunze kumshika kinyonga. Nilikataa siku tatu. Siku ya nne nikaona tuimalize haraka: nikachukua kitambaa, nikamkamata kinyonga mgongoni, kama mtu anayeokota sabuni. Mama yangu! Akageuka mweusi papo hapo, akatoa sauti ya tairi linalopoteza upepo, akaniuma kidole. Nikapiga kelele mpaka jirani akatoka. Papa alicheka hadi akakohoa, kisha akaacha kucheka.

"Umemushika toka juu," akasema. "Juu ndiko ndege inatokea kumula. Alors, weye umekuwa ndege."

Akanifundisha upya. Kwanza ninawe mikono. Kisha niipeleke pole pole, kutoka chini na mbele yake, macho yake yaione inapokuja; niiweke mbele ya kifua chake kama tawi, na ninyamaze. Akitaka kupanda atapanda. Asipotaka, nisimvute, maana anashika tawi kwa miguu yote na mkia, na mtu akimvuta anaweza kumvunja vidole. Akiwa mweusi au amefunua mdomo, amekataa, nirudi kesho. Maji nisimpe kwenye sahani, hatayaona. Nichovye mikono, nirushe matone kwenye majani, atalamba. Nikimaliza, sabuni tena, kabla sijagusa chakula.

Nilikuwa na vitenge vya watu vya kushona kwa ajili ya harusi, na nilisimama mbele ya mti nikiwa nimenyoosha mkono kwa mnyama asiye na haraka na mtu yeyote. Nilimsema sana. Siku nyingine nilimwambia wazi kwamba anajivuna. Lakini wiki ya pili, asubuhi moja baada ya mvua, alinyoosha mguu wa mbele, akaurudisha, akaunyoosha tena, akaushika mkono wangu. Ule mshiko mdogo wa baridi. Alipanda mpaka kwenye kifundo cha mkono, akatulia hapo, kijani kabisa. Sikupumua. Machozi yalinitoka, na sijui kwa nini.

"Papa, ameanza kunipenda!"

"Hapana kukupenda, mama," akasema. Alizoea kuniita mama tangu nikiwa mdogo. "Amejua tu weye haumuumize. Ile inatosha."

Nilianza kumlisha panzi kwa vidole. Akawa mnene, tumbo limejaa pande zote mbili, nami nikajisifu. Jirani, mama anayechoma ndizi za makemba mbele ya lupango lake, yaani ua wake, hakupenda. Aliniita kwenye uzio.

"Fungua macho. Papa yako iko nakauka, ile nyama iko nanenepa. Unafikiri inakula nini?"

"Inakula panzi! Na weye mwenyewe umenenepa, nani anakauka kwako?"

Hatukusalimiana kwa siku kadhaa. Lakini neno lake lilibaki kichwani. Nilipokuwa nikimvalisha papa shati, nilitazama mbavu zake, kisha nikatazama kule nyuma ya nyumba, nikajichukia.

Baadaye papa alianza kutapika damu, tukampeleka hospitali. Wakati wa kutoka nyumbani alinishika mkono, akasema mambo mawili. La kwanza lilikuwa lile la kila siku: nipeleke Yanonge. La pili alilisema akiwa tayari amekalishwa kwenye pikipiki, katikati yangu na dereva: "Akishuka chini, umuache." Nilidhani homa inaongea. Nilimwambia, "Ndiyo papa, ndiyo," kama tunavyowajibu wagonjwa.

Daktari aliniita kwenye korido, akaongea taratibu sana. Nilielewa kila neno, na nikajifanya sijaelewa. Nilimuuliza dawa gani tununue.

Siku ya tatu papa akiwa hospitali, nilimkuta kinyonga yuko chini. Ameacha mti, yuko ndani ya chandarua kwenye udongo, anakwaruza ardhi kwa miguu ya mbele. Sikuelewa, nikaogopa mchwa na nyoka. Nikamwekea mkono, akapanda. Nikamrudisha kwenye tawi la juu, nikampa maji, nikaenda zangu. Kesho yake tena yuko chini, mahali pengine, anakwaruza. Nikampandisha. Panzi alikuwa hataki tena. Nikaongeza mawe kwenye pindo la chandarua, nikidhani anatafuta njia ya kutoroka.

Mtu wa kwetu ataelewa ardhi ya lupango letu ilikuwaje. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinifundisha kufagia kabla jua halijachomoza, lupango lote mpaka uzioni, majani yote, nyasi zote, maana nyasi zinaleta nyoka na aibu. Nilifagia hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Nyuma ya nyumba ile, ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, inang'aa. Nilikuwa najivunia. Mgeni akija, husifu kwanza lupango, ndipo anaketi.

Hospitalini nako mambo yalikuwa yale yale. Niliingia na chakula nikamkuta papa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni, anatafuta kandambili.

"Unaenda wapi, papa?"

"Kwetu."

Nilimshika miguu, nikaipandisha kitandani, nikamfunika. Hakubisha. Muuguzi aliniambia kwamba anafanya hivyo kila siku nisipokuwepo, na wao wakimrudisha anapigana nao, ila mimi ananikubalia. Nilifurahi kusikia hivyo.

Aliniuliza, "Kinyonga?"

"Iko muzuri. Inanenepa." Sikumwambia kwamba anashuka. Sikutaka kumtia wasiwasi.

Mara nne alishuka, mara nne nilimpandisha. Mara ya mwisho alikuwa mzito na rangi yake imepauka, na bado nilipoweka mkono alinyoosha mguu, akaushika. Siku ya tano tangu aanze kushuka nilimkuta amekufa, kifua kimelala kwenye ardhi ile iliyofagiwa, macho yamezama, udongo kidogo umeganda kwenye kucha. Alikuwa amechimba shimo lisilozidi kisoda cha chupa.

Ningeweza kudanganya. Nilikwisha kumdanganya papa juu yake, ningeshindwa nini? Lakini nilimfunga kwenye kipande cha kitenge, nikamweka kwenye boksi ya nyuzi, nikaenda naye hospitali. Nilimwekea papa mapajani. Alifungua kitambaa, akabonyeza tumbo la kinyonga kwa kidole gumba, hapa, halafu hapa.

"Mayai," akasema. "Imejaa mayai. Anazika mayai ndani ya udongo. Akikosa udongo laini, yanamuua." Akaniinulia macho. "Alishuka?"

"Alishuka, papa."

"Ulifanya nini?"

"Nilimupandisha. Kila mara nilimupandisha."

Nilingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze, haki ya Mungu. Alimtazama tu yule kinyonga, akamfunika tena kwa kitambaa, pole pole, kana kwamba angemwamsha.

"Na yeye alikubali?"

"Alikubali," nikasema. "Alikuwa ananijua."

Miguu yake ilikuwa imetoka kwenye shuka, na kwa mazoea mkono wangu ulikwisha kwenda kuifunika. Niliuona mkono wangu. Nikatoka nje, nikasimama kwenye korido mahali pale pale daktari aliponiambia yale maneno, nikalia kwa sauti, sikujali nani ananisikia. Kisha nikajifuta kwa kanga, nikaenda kwa muuguzi, nikamwambia nataka karatasi za kumtoa papa yangu.

"Kumupeleka wapi?"

"Kwabo."

Jirani ndiye aliyenisaidia kumbeba mpaka kwenye mtumbwi wa injini. Alikuja mwenyewe, na makemba ya njiani amefunga kwenye majani. Nilimwambia unene wa kinyonga ulikuwa mimba, si uchawi. Akasema, "Pole, dada. Hata mimi sikujua."

Tulishuka na mto tangu asubuhi. Papa alilala kwenye mkeka, kichwa mapajani mwangu, akinitajia vijiji vya kando ya mto bila kufungua macho, na mara nyingi alikuwa sahihi. Tulipofika Yanonge, mtumbwi ulisukumwa kwenye tope na wanaume wawili wa ukoo wakaja kumbeba. Papa akawakatalia kwa mkono. Akakaa ukingoni mwa mtumbwi, akateremsha miguu, mmoja, halafu wa pili. Tope la kwao lilikuwa laini, likamfunika vidole, likamfunika kifundo. Aliyumba. Mimi nikamwekea mkono chini ya kwapa, tayari kumwinua, naye akaushika kama alivyozoea.

"Papa," nikamuuliza, "nikuache?"

"Uniache, mama."

Nikautoa mkono wangu.