Hadubini na Kisanduku cha Uaminifu

Kwa miaka ishirini na sita Mzee Chupa aliosha vyombo vya maabara ya chuo, na hakuna aliyewahi kumwuliza maoni yake juu ya jambo lolote isipokuwa sabuni. Ndipo wakubwa wakazinduka: alama za mtihani pekee hazitoshi, mwanafunzi apimwe na utu wake. Ikatungwa fomu ya visanduku kumi: uaminifu, huruma, uongozi na kadhalika. Kila kisanduku alama moja hadi tano, na chini kabisa sahihi ya mfanyakazi asiye mwalimu.

Mkuu wa idara hakumjua mwanafunzi hata mmoja kwa sura, lakini alizimaliza fomu sitini kabla ya chai ya saa nne. Njia yake ilikuwa nyepesi. Mwenye A ya biolojia alipewa tano za huruma. Mwenye C alionekana ana dalili za wizi.

"Wewe weka sahihi tu, mzee," akasema.

Mzee alikwama kwenye fomu ya tatu. Ilikuwa ya mpwa wake, mtoto wa dada yake, aliyemlea nyumbani kwake mwenyewe. Uaminifu: tano. Roho ikamwuma. Muhula uliopita alikuwa nyuma ya kabati akipanga chupa alipomwona kijana huyo akiangusha na kuvunja hadubini mpya, kisha akiiokota na kuiweka kwenye meza ya binti aliyekuwa ametoka kunawa mikono. Binti akalaumiwa, akapigwa marufuku kuingia maabara muhula mzima. Mzee alinyamaza, maana damu nzito kuliko maji, na tangu siku hiyo hakuweza kumtazama yule binti usoni.

Akafuta tano, akaandika moja.

"Umekosea," mkuu akasema. "Mwenye A tupu hawezi kupata moja."

"Hadubini aliivunja yeye. Nimeona kwa macho yangu."

"Fomu haina nafasi ya hadithi, mzee. Inataka namba."

Mzee akaweka kalamu chini.

Jioni mpwa akaja mbio. Bila sahihi ile, Tuzo ya Utu, iliyotolewa kwa alama za fomu hizo, ingempita. "Mjomba, ni mkwaruzo mmoja tu! Mama ameshawatangazia majirani."

"Nenda kamwambie yule binti ukweli. Ukirudi, kalamu hii hapa."

Kijana akatoka kichwa chini, na mzee akafurahi kwamba malezi yake hayakupotea bure. Kumbe kijana alikwenda kwa mkuu. Kesho yake ukabandikwa waraka: sahihi ya wasio walimu imefutwa, kwa kuwa hawana utaalamu wa kupima tabia.

Siku ya mahafali mpwa alipokea tuzo, akamshukuru mjomba aliyemfundisha uaminifu. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Dada mtu, machozi ya furaha yakimtiririka, akamgusa kaka yake kiwiko.

"Kaka, mbona hupigi makofi?"

"Piga wewe, dada. Mimi nilikuwepo maabara."

Akainuka, akaenda safu ya nyuma kabisa alikokaa yule binti, kumwomba radhi.