Goti Langu na Siku ya Ville Morte

Niliposikia kwamba ukiumia njiani, ukienda kazini, unatunzwa sawa na aliyeumia kazini, mimi, mtu wa kutaka kujua kila kitu, nikajiuliza: njia yenyewe inaishia wapi? Goti langu lilikuwa limevimba. Nikaandika kwenye karatasi ya kuomba matibabu: “Jumatatu niliangukia njiani, karibu na ofisi.”

Mama Shefu, mkubwa wetu, alisoma.

“Jumatatu ilikuwa ville morte, muji wote umegoma. Bunia yote ilibakia nyumba. Weye ulikuwa unaenda wapi?”

“Kazini, Mama.”

Alifungua daftari la sentineli, mlinzi wa mlango wa ofisi, akasoma polepole: “Jumatatu, saa tatu asubuhi. Mutu mumoja amepanda ukuta wa ofisi, anachungulia kama kuko watu ndani. Ameanguka. Amekimbia, anachechemea.”

Akafunga daftari.

“Huyu mwizi, siye tunamutafuta tangu Jumatatu.”