Tabasamu la Uwanja wa Ndege

Namwonea wivu marehemu. Tena marehemu mwenyewe alikuwa mtawala wa nchi nzima, na mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Mangobo, kwa hiyo hata angekuwa hai nisingemfanya kitu.

Mtu yule alipenda sinema kuliko mlevi anavyopenda lotoko. Lori lake la sinema likija mtaani kwetu, shuka jeupe lilitundikwa ukutani, nasi vijana tukasongamana kusubiri filamu ya ngumi. Lakini kwanza yeye: anafungua daraja, anabeba mtoto wa watu, anashuka kwenye ndege huku wanawake wakicheza animation, ile ngoma ya kumsifu ambayo hakuna aliyethubutu kuikataa. Sura yake ikitokea, tulisimama tukalipigia shuka makofi.

Juzi binti yetu alitutumia kwenye simu kipande cha filamu hizo. Mlango wa ndege unafunguka, mtawala anapunga mkono, kisha anaonekana mke wangu, bado msichana, kabla hatujajuana, kavaa kitenge chenye sura ya bwana yule kifuani na nyingine makalioni. Anatabasamu. Mungu wangu, tabasamu lile! Miaka yote hii nakula pondu yake, sijapewa hata nusu ya tabasamu hilo.

Nikanuna. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wivu wangu ulikuwa kifaduro. Mwishowe, tukiwa mezani, nikamwuliza alikuwa akimchekea nini mume wa mtu.

Akaangua kicheko. "Papa, weye iko na wivu ya mutu alishakufa? Mimi sikumuonaka hata siku moja! Ile siku mvua ilikuwa mingi, avion yake haikutua. Ba mutu ya kamera bakasema tucheze tu, ye batamubandika mu filamu kisha."

Kumbe kiraka! Walishona vipande viwili, na mimi fundi mzima sikuuona mshono. Nilifurahi mpaka nikaongeza pondu.

"Alors, ulikuwa unachekea nini?"

"Bon, mutu ya kamera alisema kila mutu awaze mupenzi yake."

Nikaweka kijiko chini. Wakati ule alikuwa hanijui hata kwa jina.

"Na weye uliwaza nani?"

Aliinama kuchukua sahani yangu, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe, nikaliona tabasamu lile lile ndani ya nyumba yangu.