Uzio Unaopitisha Upepo

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa kelele za mabati kuliko kwa jambo lingine lolote. Nilikuwa msichana, mchumba wa mtu tayari, nimekaa barazani kwetu Ijumbi nachambua maharage. Mama alikuwa jikoni, lile jiko la nje. Upepo ukatoka upande wa ziwa ghafla, kama ilivyo kawaida yake huku Muleba, ukausukuma uzio wetu wa mabati, na ubavu mzima ukaangukia jiko. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka Kishanda. Masizi yalipotulia nikamwona Mama ametokea mlango wa nyuma, kilemba kimemwangukia shingoni, mikononi ameshika sufuria ya ndizi kwa matambara. Hakutaka chakula kimwagike. Ndivyo alivyokuwa, na mpaka leo nikimkumbuka nacheka kwanza, ndipo machozi yanakuja.

Nakusimulia haya kwa sababu umenitumia kwenye simu zile picha za kuta na mageti, ukaniomba nikuchagulie moja kwa ajili ya nyumba yako mpya pale Bukoba. Mageti ni mazuri, sikatai. Lile lenye simba wawili limenifurahisha sana, ingawa sijui simba wamefuata nini Bukoba. Ila kabla hujamwita fundi, kaa nami kidogo nikueleze habari za uzio wa mama yangu.

Uzio ule wa mabati aliujenga kaka yangu mkubwa, Elisha, aliyekuwa fundi wa magari Mwanza. Baba alikuwa amefariki, na Elisha alitaka mama yake alale salama. Alizungusha mabati kuanzia chini kwenye udongo mpaka juu ya kichwa cha mtu, bila kuacha hata ufa, yakapigiliwa kwenye nguzo za mkaratusi. Ulipendeza kweli. Watu waliokuwa wakienda kanisani walisimama kuutazama. Lakini unyevunyevu wa huku unaujua wewe mwenyewe, viatu tu vikikaa kabatini vinaota ukungu. Nguzo zilionekana nzima kwa juu, kumbe pale zinapoingia ardhini zilikuwa zimeshalainika, misumari nayo imeliwa na kutu. Na upepo, ukikuta kitu kimeziba njia yote, utakisukuma chote kwa pamoja. Elisha hakujua. Alikuwa amefanya kwa upendo, na mimi lawama sijawahi kumpa.

Aliposikia kilichotokea alikuja haraka, akaingia, akatazama jiko lililolala chini, uso wake ukabadilika.

"Mama, basi," alisema. "Koku anaolewa baada ya Pasaka. Utabaki hapa na nani? Twende Mwanza. Chumba chako kipo."

Mwanangu, maneno yale yalikuwa ya mtoto mwema, lakini Mama aliyapokea kana kwamba amehukumiwa. Kibanja kile, shamba letu la migomba linaloizunguka nyumba, alikiingia akiwa bibi harusi. Migomba yote aliijua, upi unazaa vizuri na upi unajisingizia. Kaburi la Baba lilikuwa pale pale, nyuma ya nyumba, na kila asubuhi alipita kuling'olea majani. Kumpeleka Mwanza kukaa chumbani na kutazama ukuta kungekuwa kumzika kabla ya siku yake. Mimi nilijua, hata Elisha alijua, ila hofu ya kumkuta mama yake chini ya mabati ilimzidi.

Mama hakubishana. Alimwandalia mwanawe chai, akamwacha anywe, kisha akamwambia, "Nakuomba jambo moja. Niache nijenge uzio wangu mwenyewe sasa hivi kwenye mvua za vuli. Ukija Pasaka ukaukuta umesimama, Mwanza usinitajie tena."

"Na nikiukuta umeanguka?"

"Utanikuta nimeshafunga mzigo."

"Uwe umesimama wote, Mama. Mzunguko mzima."

"Mzunguko mzima, waitu," akajibu Mama kwa lile neno letu la heshima, na wakapeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe.

Sasa sikiliza jinsi alivyofanya, maana hapa ndipo mama yangu ananishangaza mpaka leo. Hakuwa fundi, na hakujifanya fundi. Kwanza alitembea. Alizunguka kijiji akitazama nyuzio za watu, ule uliosimama na ule uliolala, akiuliza maswali mpaka watu wakamkimbia. Aliyemsaidia zaidi alikuwa jirani yetu Mzee Shabani. Mzee huyu na mkewe Bi Hadija walitoka Bukoba mjini, na alipokuwa kijana alikaa kwenye kambi za wavuvi kisiwani Goziba, ambako upepo hauna mlima wa kuuzuia. Alimwambia Mama kwamba kule vizuizi vya matete vilivyoachana achana hudumu kuliko vilivyofumwa vikazibana. Wakati huo miguu ilikuwa imeanza kumkataa, kwa hiyo alimfundisha akiwa amekaa kitini, akinyoosha fimbo huku na kule kama mwalimu wa kwaya.

Mama akachagua nguzo za omutoma, ule mti uliowapa mababu nguo za magome. Ukikata tawi lake nene ukalichomeka wakati wa mvua, linashika mizizi. Nguzo iliyokufa huoza, lakini nguzo hai kila mwaka inazidi kushikilia ardhi. Kati ya nguzo akalaza fito, na juu ya fito akasimamisha matete, akiacha nafasi ya kupitisha vidole kati ya tete na tete. Chini hakuyagusisha udongo, maji ya mlimani yapite yaende zake. Elisha naye, ambaye angeweza kukunja mikono akasubiri ashinde, alituma kutoka Mwanza waya usioshika kutu wa kufungia, na debe la oili chafu. Nguzo za geti zilikuwa za mti mkavu mgumu, kwa sababu nguzo inayoota inanenepa na geti linakataa kufunga. Mama akazibabua ncha za chini motoni, akazipaka ile oili, akazifukia na kokoto na kushindilia. Kwenye pembe zote akaegemeza mihimili. Ungependa kumwona, sketi ameifunga kiunoni, anaimba nyimbo za kanisani na kuzikatisha katikati ili anigombeze kwamba nashindilia kama nabembeleza mtoto.

Upande wa Mzee Shabani mpaka ulikuwa na omulamula, yale majani marefu ambayo sisi Wahaya tunayapanda kwenye mipaka na hakuna mwenye akili timamu anayeyang'oa. Mama hakuweka uzio juu ya mpaka. Aliwaita Mzee na Bi Hadija, wakasimama wote, akawaonyesha kamba aliyoivuta ndani kidogo upande wake. "Mmeridhika?" akauliza. Bi Hadija akasema, "Mama Elisha, hata ungeivuta chumbani kwangu ningeridhika," tukacheka sana.

Mvua za vuli zikapita, senene wakaja wakaenda, na nguzo zikachipua. Ilipoingia masika, uzio wote ulikuwa na majani mabichi kwa juu.

Dhoruba yenyewe ilikuja asubuhi, wiki ile ile ya Pasaka. Ilianza kwa giza upande wa ziwa, kisha upepo, kisha mvua ya mawe. Mimi na Mama tulisimama dirishani tukiutazama uzio. Uliinama, ukarudi. Ukainama tena mpaka nikafumba macho, nilipofumbua ulikuwa umesimama. Migomba ilikuwa inalala, mti wa parachichi ulikatika katikati, na uzio wa Mama unaacha upepo upite na wenyewe unabaki. Nilitaka kuruka kwa furaha. Nikamgeukia Mama, nikakuta hatazami uzio. Anatazama ng'ambo.

Paa la Mzee Shabani lilikuwa limefunuka. Bi Hadija alikuwa mlangoni anapiga kelele, na nyuma yake tulimwona Mzee amekaa kitandani, mvua ya mawe inampiga, hawezi kusimama. Njia ya kuzunguka barabarani ilikuwa imegeuka mto, maji mekundu yanashuka na magogo ya migomba. Kumbeba mtu mgonjwa kwa njia ile kusingewezekana.

Mama alichukua panga nyuma ya mlango akatoka. Nilimfuata nikidhani anakwenda kukata migomba iliyoziba njia. Akaenda moja kwa moja kwenye uzio, ule alioujenga kwa mikono yake, akaanza kuukata. Fito, matete, vyote. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, Pasaka!" Akanitazama kama amesikia lugha ngeni. "Shika huku uvute," akasema. Tukafungua nafasi ya kupita watu wawili, tukavuka omulamula, tukamweka Mzee Shabani kwenye mkeka, na sisi wanawake watatu tukambeba mpaka sebuleni kwetu. Alikuwa anatetemeka meno yanagongana. Tulimvika koti la marehemu Baba, Mama akamnywesha uji, na jioni akaanza kutania kwamba koti linambana. Hapo ndipo tukajua amepona.

Kesho yake Bi Hadija alikuja mapema. "Mama Elisha, pale pazibwe leo hii. Matete ninayo. Mwanao akifika hataona kitu." Mimi nikadakia, nikasema nitakwenda kukata fito mara moja. Mama aliweka kikombe chini.

"Koku," alisema, "unataka nibaki kwenye kibanja changu kwa kumdanganya mtoto niliyemzaa? Nitawezaje kupita pale kwenye kaburi la baba yenu asubuhi?"

Fito sikwenda kukata tena. Mchana ule Mama alianza kufunga mzigo. Vitenge vyake, Biblia, kitabu cha nyimbo. Kisha akanitembeza kwenye kibanja akinielekeza nimwambie atakayekuja kukitunza kwamba huu upewe mbolea, ule uegemezwe. Mimi nilimfuata nikiitikia kwa kichwa.

Elisha alifika Jumamosi. Alitusalimia, akaweka begi, akaenda kwenye uzio kabla hata hajanywa maji. Aliisukuma kila nguzo kwa bega. Hakuna iliyotikisika. Nilimwona anatabasamu, anagusa majani yaliyochipua, anatikisa kichwa. Kisha akafika pale penye pengo.

"Umeliona," alisema Mama nyuma yake. "Mzunguko mzima tulisema. Mzigo wangu uko tayari."

Nilifungua mdomo, Mama akanitazama, nikaufunga. Lakini pengo lilikuwa limeshakuwa njia ya watu. Mzee Shabani akatokea pale pale, fimbo mkono mmoja, mkewe mkono mwingine, amevaa koti la baba yetu. Alipomwona Elisha akafurahi, akamshika mkono asiuachie, akamsimulia yote: paa, mawe, panga, mkeka. "Mama yako," akasema, "ameubomoa uzio wake kwa ajili yangu mimi nisiye na miguu."

Elisha alimgeukia Mama. "Ungeondoka nami bila kuniambia?"

"Tuliahidiana umesimama wote. Hatukuongeza neno jingine."

Kaka yangu alikuwa mtu mzima mwenye watoto, na alilia pale mbele yetu bila kujificha. Alipoweza kusema, alisema, "Mama, nimekaa Mwanza miaka yote ile, na sina jirani hata mmoja ambaye angebomoa uzio kwa ajili yangu. Wala mimi sijui kama ningembomolea mtu. Nikupeleke wapi? Kaa kwako."

Mzigo aliufungua yeye mwenyewe. Siku ya Pasaka, tuliporudi kanisani, alivua shati lake jipya, na pale penye pengo hakuziba. Akatengeneza kageti kadogo kasiko na kufuli, kanakofunguka pande zote mbili. Mama aliishi pale mpaka uzee wake wote ulipokwisha, na mikono iliyomfumba macho ilikuwa ya Bi Hadija, aliyepita kwenye kageti kale.

Kwa hiyo, mwanangu, chagua uzio kwa kufikiria upepo kabla ya kufikiria wapita njia. Ukipenda wa miti, tumia nguzo hai, uzipande mvua zikianza, na nguzo za geti ziwe mti mkavu uliotibiwa. Ukipenda wavu, nunua usioshika kutu. Na kama moyo wako umeng'ang'ania tofali, sikukatazi, ila msingi uwe wa kina, acha matundu ya upepo juu na njia ya maji chini, maana mlima wa Bukoba hauombi ruhusa kushusha maji yake. Mwite jirani kabla hujavuta kamba, uirudishe ndani kwako kidogo, muelewane mkiwa mmesimama pamoja. Halafu weka geti la pili upande wake. Hili la pili ndilo ninalokuomba kwa dhati. Simba wako waweke kwenye lile la mbele, wakulindie magari.

Mungu aijalie nyumba yako paa lisilofunuka na watu wasiopungua mezani. Akupe jirani utakayemkimbilia bila aibu, akufanye na wewe uwe wa kukimbiliwa. Na siku utakapolazimika kuchagua kati ya kilicho chako na mtu aliyelowa mvua, mkono wako usisite.