Nilikubali tupangiwe Blessings kutoka Malawi, nikaishia kuwa mgeni kwangu

Wakuu, heshima zenu.

Mimi humu ni msomaji tu, kuandika naandika mara moja moja. Ila hili limenikaa kooni, na limetokea kwangu, hapa Nyololo, mkoa wa Iringa. Sijaongeza chumvi. Asiyeamini apite kimya kimya.

Mimi ni Mhehe. Najua mtaanza ule utani wenu wa Wahehe na hasira, endeleeni tu.

Wife ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Tumeoana zamani, nyumbani tunaongea Kiswahili. Kinyakyusa chake mimi najua salamu "ugonile" na asante "ndaga", basi.

Ana group la akina mama wanaootesha miche ya asili ya kupanda kwenye vyanzo vya maji. Ikaja project ya kukutanisha wakulima wa nchi mbalimbali za Afrika, wafundishane wenyewe kwa wenyewe kutunza maji na udongo. Siyo zile semina za soda na posho. Mgeni analala kwa mkulima, anakula mnachokula, anashika jembe.

Wife akaniambia tumepangiwa mtu wa Karonga, Malawi, anaitwa Blessings. Nikasema karibu sana, chumba cha watoto kipo. Kichwani nilishamchora mama mmoja wa kwaya, mpole.

Siku ya siku nikaenda kumpokea barabarani. Likashuka jibaba refu, shati limenyooka, linacheka hadi jino la mwisho.

Kumbe kule Blessings ni jina la kiume.

Nikajikaza, nikabeba begi lake. Balaa lilianzia mlangoni. Wife kamkaribisha kwa Kiswahili, jamaa akajibu kwa lugha ya akina wife. Nilikuwa sijui kwamba Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa ni ndugu, mpaka wa nchi umewapita katikati tu, wanasikilizana vizuri kabisa. Wife alipiga kigelegele. Mimi nimesimama na begi la watu mkononi, hakuna hata wa kuniambia weka hapa.

Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi ndiyo nikaanza kuumwa.

Mbalaga, yale mandizi ya kwao ya kupika na maharage, wife aliacha kupika tangu niliposema nisiposhika ugali sijala. Sasa ikawa mbalaga kila siku. Asubuhi wako kitaluni wanaongea, jioni jikoni wanaongea. Wife anacheka mpaka anafuta machozi, nikiuliza kuna nini ananiambia ukitafsiri haichekeshi.

Nilikuwa na wivu, sifichi. Nilichukia mpaka kikohozi cha yule mtu.

Kisha wife akampeleka kwenye kinyungu chetu, yaani bustani ya bondeni tunayolima kiangazi. Pembeni nimepanda mikaratusi, nguzo za kuja kuuza nisomeshe watoto. Jamaa akaizunguka miti yangu, akasimama pale maji yanapotokea, akasema kitu kwa lugha yao. Wife akainamisha kichwa. Safari hii hakucheka.

Nikajua tayari, hapa kuna siri.

Jioni akaniambia group limemchagua kwenda Karonga kwenye ziara ya kurudisha. Nikasema hakuna wa kwenda popote. Hakubisha. Mnyakyusa asipobisha, jua kuna kitu.

Sasa nina rafiki, Kanti, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Mlandege, Iringa mjini. Kazaliwa na kukulia Tukuyu, Kinyakyusa anakimwaga kama maji, na wife hamjui. Alikuwa anapita na pikapu yake kwenda Mbeya. Nikampanga: pita kwangu, ule, kaa kama hujui kitu, fungua masikio.

Kanti hali nyama, kwa hiyo ile mbalaga ilimkuta mahali pake. Anakula, anaitikia kwa Kiswahili, wale wawili wanaongea bila wasiwasi. Nikaona taratibu ameacha kutafuna. Halafu akaacha kuniangalia.

Nikamsindikiza kwenye pikapu. Nikamwambia sema tu, mimi ni mwanaume.

"Kaka, hakuna mapenzi pale," akasema. "Mkeo anamuuliza yule bwana yeye akwambieje kwamba mikaratusi yako ndiyo inakausha kinyungu. Anakuogopa."

Akaongeza kwamba kwa akina Blessings chemchemi ilikufa hivyo hivyo, na akina mama sasa maji wanayafuata mbali.

Wakuu, nusu ya moyo wangu ilitamani angesema wanapendana. Hapo ningejua wa kumpiga ni nani.

Asubuhi nikamwita wife bondeni, sisi wawili tu. Nikamwambia lile unalomwambia mgeni, niambie na mimi. Akachezea kanga.

"Baba Neema, miti yako inakunywa maji ya watoto wako."

Nikaenda kuchukua msumeno, ule wa kuvuta watu wawili. Na nani akashika upande wa pili? Blessings. Mwanzoni nilivuta kwa hasira, msumeno ukawa unakwama tu. Ule haukati kama mmoja anashindana. Tulipokuja kwenda sawa, mti ukalala. Tuliiondoa yote iliyo karibu na maji, ya juu mlimani nikaiacha, na mimi nina watoto wa kusomesha. Akina mama wakapanda miche yao pale.

Ninapoandika hapa wife yuko Karonga. Nilimsindikiza mwenyewe mpaka Mbeya.

Jana nikampigia, nikamwamkia kwa Kinyakyusa maneno mengi aliyonifundisha Kanti. Akacheka kile kicheko chenyewe, cha kufuta machozi, na safari hii ni mimi niliyemchekesha.

Nyuma yake nikasikia na Blessings anacheka.

Nikakata simu. Nikapiga tena.

Nilichojifunza ni hiki: mkeo akiweza kumweleza mtu wa nchi nyingine jambo asiloweza kukwambia wewe, acha kumchunguza yule mtu, angalia ukali wako. Na hii mikutano ya nchi kwa nchi tunayoidharau, kumbe mwenzako wa mbali ameshaumia pale unapoelekea kuumia.

Ila wivu haujaisha, nisiwadanganye.

Mlioko Kyela na Tukuyu, nishushieni hapa chini: "nimekukumbuka, rudi nyumbani" kwa Kinyakyusa inasemwaje? Kanti nikimuuliza anacheka tu.

Na Blessings simuulizi ng'o.