Kibao cha Wafumaji kimeshuka, Glenys anamngoja kaka yake

Saa tano kasoro asubuhi, Glenys Barraclough anafuta meza ambayo ameshaifuta. Kitambaa kiko mezani, macho yako dirishani, kwenye mteremko ambao kaka yake huteremka kila siku.

"Leo atachelewa," anasema. Kisha anajirekebisha. "Huenda akachelewa."

Glenys, mwenye umri wa miaka sitini na sita, anahudumu katika baa iliyo chini ya mteremko huo, mjini Askerdale, kaskazini mwa Uingereza. Ilifungwa siku mbili ipakwe rangi, na leo inafunguliwa. Kuta zilizokuwa nyeupe sasa ni za kijivu. Juu ya mlango pameandikwa jina jipya, Namba Tisa. Kibao kilichokuwa kikining'inia nje, chenye picha ya mwanamke kwenye mtambo wa kufumia, kimeshushwa na kupakiwa kwenye gari la takataka.

Alianza kazi hapa viwanda vya pamba vikiwa bado na watu, na baa ikiitwa Wafumaji. Baadaye ikawa Paka na Filimbi. Baadaye tena, Mwezi Mpevu.

"Kila tajiri alikuja na jina lake mfukoni," anasema. "Sisi tukaendelea kusema tunakwenda Wafumaji. Ile picha hawakuigusa. Nadhani walikuwa wabahili, hawakutaka kukodi ngazi."

Anacheka kidogo, kisha anatazama tena dirishani.

Kaka yake, Clifford, ana miaka sabini na tisa. Alikuwa utingo wa basi, kisha dereva. Askerdale vituo vya basi vilijulikana kwa majina ya baa, na utingo aliyataja kwa sauti: Farasi Mweupe! Kengele! Wafumaji, mwisho wa safari! Hata kina mama wa kanisani, ambao pombe hawakuigusa, walishuka Kengele.

Sasa Clifford anasahau. Jina la binti yake humtoka, lakini vituo havijamtoka. Kila asubuhi hutoka nyumbani anakoishi na Glenys, akashuka kwa miguu akivitaja. Farasi Mweupe siku hizi ni nyumba za kupanga, na Kengele ni duka la kinyozi. Haidhuru. Wenyeji wakimsikia humjibu wakiwa milangoni: "Bado kimoja, Cliff!" Naye huendelea mpaka aione ile picha, akaingia.

Lakini wenyeji wanapungua. Wengine wamezikwa, wengine wamehamia kwa watoto wao. Majira ya baridi yaliyopita hakukuwa na mtu wa kumjibu, na polisi walimkuta kando ya mfereji, miguu imelowa. Binti yake, Lorraine, alikuja kutoka Leeds akasema neno moja: akipotea tena, anakwenda nyumba ya wazee.

"Simlaumu," anasema Glenys. "Ni baba yake. Ila Cliff ukimfungia ndani, atakwisha."

Hawezi kumleta mwenyewe, kwa kuwa zamu yake huanza saa tatu, na saa hizo Clifford bado amelala. Analipwa pauni kumi na mbili na kitu kwa saa. Mlezi wa kutembea naye anatoza zaidi ya hapo.

Wateja wa kwanza wanaingia, naye anawahudumia, dirisha likiwa mgongoni. Saa tano na nusu Clifford hajafika.

"Tulia, Glen," anasema Norman, mteja wa kona ya kushoto. "Cliff hakuwahi kufika kwa wakati hata alipokuwa analipwa kwa kazi hiyo."

"Nyamaza, Norman."

"Nilikuwa nakuchangamsha tu."

"Basi nichangamshe kwa kuangalia kaunta."

Anatoka na aproni yake, bila koti. Anapanda mteremko nusu akitembea, nusu akikimbia. Farasi Mweupe, hayupo. Anageuka. Akipita tena mbele ya duka la kinyozi, anasikia sauti anayoijua.

Clifford amekaa kwenye kiti cha kunyolea, kikombe cha chai mkononi, amekasirika.

"Wamekihamisha kituo!" anafoka. "Nimeshuka mpaka chini, hakipo. Nani amewaruhusu?"

Kinyozi, Rebwar, Mkurdi aliyefungua duka miaka mitatu iliyopita, anashusha pumzi. "Mama, huyu ni wako? Kila siku namsikia akipita, lakini leo amepita mara mbili anatazama juu. Nikamuuliza unakwenda wapi, mzee? Akasema Wafumaji. Mimi Wafumaji sipajui. Kisha akaniamuru nishuke kwenye basi."

"Ukashuka?"

"Nikamwambia nimelipa nauli, sishuki. Akakaa."

Glenys anacheka, na machozi yanamtoka palepale. Anayafuta kwa aproni.

"Hapa kwako ni Kengele," anamwambia Rebwar.

"Hapa? Hapa ni kwa Rebwar."

"Ni kwa Rebwar, na ni Kengele. Mtu akipita akalitaja hilo jina, mjibu bado kimoja, umwonyeshe mlango wa kijivu pale chini. Tafadhali."

"Bado kimoja," Rebwar anarudia polepole.

"Kwa sauti kubwa," anasema Clifford. "Abiria wa nyuma hawakusikii."

Glenys na kaka yake wanateremka wameshikana mikono. Kwenye mlango wa kijivu Clifford anasita, anatazama juu penye chuma kitupu, na inabidi Glenys amvute taratibu mpaka ndani.

Alhamisi ni siku ya Glenys ya mapumziko. Amepanga kuingia kila duka la mtaa huu, kuanzia nyumbani kwake mpaka hapa, awaambie wenye maduka wapya majina ya zamani na jinsi ya kuyajibu. Anajua wengine watamwona kichaa. Anajua pia kwamba wapangaji wa leo huenda wasiwepo mwakani, na itabidi aanze upya.

"Nitaanza upya," anasema, akimwekea Clifford glasi yake. "Na Lorraine nitampigia leo nimwambie yote, kabla hajayasoma kwenye gazeti lenu. Nitamwomba anipe hadi Pasaka nijaribu mpango huu. Akikataa, sijui."