Ng'ombe wa Askofu, Ghorofa ya Tisa

Bi Ida alihamia ghorofa ya tisa ya jengo letu hapa Weston, Toronto, mwaka ule treni ya uwanja wa ndege ilipoanza kusimama kituoni kwetu. Sisi tunakaa ya sita. Siku ya kwanza nilimkuta chini karibu na lifti, mama wa Kigoa mwembamba mwenye nywele nyeupe, ameketi juu ya sanduku akiwaamrisha vijana waliobeba vyombo vyake. Alinisikia nikimwita mume wangu, Cyprian, kwa Kiswahili, akageuka haraka.

"Ninyi watu ya Tanganyika?"

Nikampa shikamoo. Akaitikia kwa furaha mpaka nikamhurumia. Huruma ile ndiyo iliyonifanya wiki hiyohiyo nimtume binti yangu Abigael ampelekee bakuli la maharage. Bakuli lilirudi. Abigael, naweza kusema, hakurudi.

Maisha ya Bi Ida nimeyajua kipande kipande. Alizaliwa Tabora, baba yake akiwa karani wa stesheni. Masista walimfundisha kupiga taipu na Kilatini, kimoja cha kazi, kingine cha misa, kama anavyosema mwenyewe. Alipiga taipu ofisi za reli mpaka alipohamia Kanada na mumewe Gerard, na hapa Toronto akapiga taipu tena, mahakamani, hadi kustaafu. Hawakujaliwa mtoto. Gerard alipofariki aliuza nyumba, akaja kwetu na mashine ya kushonea, picha ya Bikira Maria na kompyuta.

Kompyuta ndiyo iliyoleta mambo. Kuna chama cha wapenda historia huko Uingereza kilichokuwa kikiwatumia watu wa kujitolea picha za kumbukumbu za mahakama za kale, ili wazisome na kuziandika upya kwa herufi zinazosomeka. Bi Ida alipewa za Durham, upande wa kaskazini. Maandishi yenyewe, yaliyoandikwa juu ya ngozi, ni Kilatini, tena kimekatwakatwa kama watu walikuwa wakibana wino. Yeye aliyasoma kwa sauti, Abigael akaandika. Binti wa miaka kumi na saba, ambaye nyumbani nikimwomba anisomee barua ya mwenye nyumba anavuta pumzi kama nimempa gunia!

Alianza kwenda Jumamosi. Ikawa na Jumatano. Akirudi nguo zake zilinukia siki na karafuu za jikoni kwa Bi Ida, na kichwani alikuwa amechomeka penseli kama mzee yule anavyofanya. Nilimwangalia akila chakula changu kidogo kidogo, nikajua ameshakula huko juu.

"Wanazungumza nini muda wote huo?" nilimuuliza Cyprian.

"Wafu," akasema. "Mke wangu, unamwonea wivu ajuza?"

"Simwonei wivu. Nauliza tu."

"Basi uliza bila kugonga sufuria."

Sasa nieleze kilichoniuma hasa. Abigael alikuja huku akiwa na miaka mitatu, anaongea Kiswahili kama kasuku. Alipoanza shule kikakauka. Anasikia kila ninalosema, lakini anajibu kwa Kiingereza, na Kiingereza changu mimi ni cha kazini, cha kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee: mashine imejaa, sabuni imekwisha. Mambo ya moyoni siyawezi kwa lugha hiyo. Kwa hiyo kila mwaka mwanangu alikuwa anakwenda mbali nami huku tunalala chumba cha pili.

Jumapili moja ya baridi mama yangu alipiga simu kutoka Kibosho. Abigael akasema, "Shikamoo, Bibi," kisha akanirudishia simu kama imemchoma. Mama akaniuliza, "Huyo mtoto mmemfanya nini? Ana ulimi kweli?" Nilipomaliza kumjibu, Abigael alikuwa ameshapanda juu. Nikavaa kandambili, nikamfuata.

Mlango wa Bi Ida ulikuwa wazi kidogo. Yeye huuzuia kwa kiatu cha marehemu Gerard, kwa kuwa joto la mabomba ya jengo hili huwezi kulipunguza. Nikasimama kwenye ukumbi wa nje.

"Ule mama nasema nini kwa karani?" Bi Ida aliuliza.

"Anasema ng'ombe yake ilikufa kabla ya bwana yake."

Sauti ya pili sikuitambua mara moja. Nilidhani ana mgeni.

"Ha! Mwongo! Ng'ombe nakula majani nyuma ya nyumba!"

"Kwa nini mwongo, Bibi? Labda ilikufa kweli. Labda ilikuwa gonjwa."

Ni mwanangu! Anaongea, anabishana, anacheka, na lugha ni ya kwangu. Mimi nimeomba miaka, nimebembeleza, nimegomba, na huyu mama aliyekuja juzi na cherehani yake amepewa bure. Na katika ule uchungu, maneno yakanitoka yenyewe.

"Alikufa!" nikapiga kelele pale ukumbini. "Alikufa! Alikuwa mgonjwa!"

Kiatu kikasukumwa, Bi Ida akatokea ameshika kifua.

"Yesu Maria! Nani kufa, Mama Abi? Cyprian?"

"Ng'ombe," nikasema.

Alicheka mpaka akajishikilia ukutani. Abigael hakucheka. Alisema kwa Kiingereza, akiwa amekunja mikono, "Unaona, Mama? Hata hujaingia ndani umeshanisahihisha."

Bi Ida akanivuta mkono, akanikalisha kwenye kiti chenye mto.

"Sikia. Kule Durham, zamani, mfalme nakuwa nje. Ndani, askofu. Jaji yake askofu, karani yake askofu, hazina yake askofu. Mfalme naandika amri, nafika mpaka, nakwama. Umeelewa? Sasa hapa kwangu, askofu mimi."

"Na sheria yako inasemaje?" nikamuuliza, bado nimevimba.

"Nasema mtu yote aongee. Ng'ombe yake, ng'ombe wake, yote nakula majani." Akamgeukia Abigael. "Eleza mama yako habari ya ule mjane. Mimi naenda weka chai."

Abigael alianza kwa Kiingereza. Kutoka jikoni ikaja sauti: "Hapana sikia Kiingereza!" Binti yangu akatazama kioo cha kompyuta, si mimi, kama mtu anayeingia kwenye maji baridi.

"Kama bwana inakufa," akasema polepole, "askofu inachukua ng'ombe moja. Ile nzuri kabisa. Ni sheria. Sasa hii mama iko na watoto. Haitaki kupeana. Kwa hiyo inasema, ng'ombe ilikufa kwanza."

Nilikalia mikono yangu. Kila neno lilikuwa limevaa nguo ya mwenzake. Na lilikuwa na mwendo wa Bi Ida, ule wa kuburuta mwisho wa neno. Mtoto wangu anaongea kama karani wa reli wa Tabora! Moyo uliniwaka. Lakini nilimwangalia vizuri, masikio yamemwiva, jicho moja likinichungulia kuona nitafanya nini, nikamuuliza tu, "Wakamwamini?"

"Hatujui. Hapo ngozi imeoza." Akafikiri. "Mimi naamini yeye."

"Na mimi," nikasema.

Tulikunywa chai. Bi Ida alizungumza nasi wote wawili, akimwita Abigael "mtoto yangu", na kila alipolitamka neno hilo mimi nilihisi kama kidole kinanigusa kwenye kidonda. Simpendi zaidi kwa sababu ya siku ile, niseme kweli. Akinyoosha mkono kumwekea mwanangu nywele sawa bado naangalia pembeni. Ila tulipoondoka nilikirudisha kile kiatu mlangoni mwenyewe, mlango ubaki wazi.

Tulishuka kwa lifti. Nilikuwa nimeegemea ukuta, maana siku za kufua mashuka goti langu la kushoto halinipi raha hadi kesho yake. Abigael akalitazama.

"Mama," akasema, "mguu yako inauma?"

Wako unauma. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza, likashuka kama kidonge kisicho na maji.

"Inauma," nikasema. "Inauma sana, mwanangu."